Maji huvuka mpaka, watu hubaki: Siku moja juu ya Mto Hantan, Korea

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walisema tembea uone. Hawakutueleza, hata hivyo, kwamba iko siku mtu anaweza kutembea juu ya mto kwa miguu yake miwili, amevaa viatu na kubeba mfuko mgongoni, asilowe hata ukucha. Mwandishi wa makala haya alifanya hivyo Januari iliyopita huko Korea Kusini, na mpaka leo akiwasimulia watu wa nyumbani, baadhi yao hutikisa vichwa wakidhani ni porojo za mtu aliyetoka ng'ambo.

Si porojo. Mto wenyewe unaitwa Hantan, na bonde linalozungumziwa liko katika wilaya ya Cheorwon, mkoani Gangwon, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo. Nilikwenda kule kutazama mandhari. Nilirudi na jambo jingine moyoni, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Sweta tatu, soksi mbili

Safari ilianza jijini Seoul saa kumi na moja alfajiri, nilipoamshwa na binamu yangu. Msichana huyu ni mwanafunzi wa uhandisi katika chuo kikuu kimoja cha huko, na ndiye aliyekuwa mwenyeji wangu na mkalimani wangu. Alikuwa ametimiza miaka mitatu bila kukanyaga nyumbani, kwa kuwa nauli ya ndege si pesa za kuokota.

"Kaka, hiyo sweta moja haitoshi," aliniambia baada ya kunikagua kuanzia kichwani hadi miguuni kama mkaguzi wa gwaride. "Vaa tatu. Na soksi mbili."

"Tatu? Kwani tunaenda kulala nje?"

"Utanishukuru tukifika."

Nilidhani anatia chumvi. Mimi nimelelewa Limuru, na nilijihesabu kuwa mtu anayeijua baridi. Lakini baridi ya Limuru ya mwezi Julai, ile inayowafanya watu waliinamie jiko la makaa mpaka saa nne za mchana, ni mtoto mchanga mbele ya baridi ya Cheorwon. Hapo ni miongoni mwa sehemu zenye baridi kali zaidi Korea Kusini. Usiku wa Januari kipimo huweza kushuka hadi nyuzijoto 20 chini ya sufuri. Friji ya kugandishia nyama kwa kawaida huwekwa nyuzi 18 chini ya sufuri. Fanya hesabu mwenyewe, msomaji, ujue tulikuwa tukienda wapi.

Tulipanda basi katika kituo cha Dong Seoul, mashariki mwa jiji, na kuelekea kaskazini kwa muda wa kama saa mbili. Kwanza yalipita maghorofa, yakafuata milima, kisha mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, halafu kambi za jeshi moja baada ya nyingine. Ndani ya basi vijana wengi walikuwa wamevaa sare za kijeshi, wakirudi kazini baada ya likizo. Katika nchi hiyo kila mwanamume mwenye afya njema hulazimika kulitumikia jeshi. Kwa wale wa nchi kavu, muda huo ni mwaka mmoja na nusu.

"Mbona wanajeshi wengi hivi?" niliuliza.

"Kaka, huku ni mpakani. Nyuma ya milima ile ni Korea Kaskazini."

Wakati huo simu yake ililia. Aliitazama, akaona ni nani, akairudisha mfukoni bila kujibu. Niliuliza kama kuna neno. Akasema ni mama yake, yaani shangazi yangu, na kwamba hawajazungumza vyema tangu Desemba alipomjulisha kuwa Krismasi hiyo pia hatarudi. Maneno makali yalisemwa pande zote mbili. Sikutaka kuchokonoa zaidi. Nikageukia dirisha.

Bonde lililozaliwa na moto

Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni wa Cheorwon ni kwamba mto hauonekani. Unatazama uwanda tambarare wa mashamba ya mpunga, umenyooka kama mkeka, ukajiuliza bonde mashuhuri liko wapi. Kisha unafika ukingoni, na ardhi inakatika ghafla kama mkate uliokatwa kwa kisu. Chini yako, kwenye kina cha makumi ya mita, mto umelala baina ya kuta mbili za mawe.

Maelezo ya wataalamu wa miamba ni haya. Kati ya miaka takriban 540,000 na 120,000 iliyopita, mlima wa Orisan, ambao leo uko Korea Kaskazini, ulitapika uji wa moto mara kadhaa. Uji huo uliteremka kuelekea kusini kwa zaidi ya kilomita 100, ukayajaza mabonde ya zamani, ukapoa na kuwa uwanda wa mawe meusi yaitwayo basalti. Mto uliozibiwa njia yake haukukata tamaa. Ulianza kuchimba upya, tone baada ya tone, hata ukajipatia korongo hili refu.

Uji wa moto unapopoa husinyaa, na ukisinyaa hupasuka, kama matope ya bwawa lililokauka wakati wa kiangazi. Tofauti ni kwamba nyufa za basalti huteremka chini kabisa na kuacha nguzo ndefu zenye pande tano au sita, zimepangwa bega kwa bega kama penseli ndani ya boksi. Msomaji aliyewahi kuzuru Hell's Gate karibu na Naivasha atakuwa ameziona kuta za namna hiyo. Bonde letu la Ufa nalo lina historia yake ya moto.

Katika bonde la Hantan mara nyingi mto umepita pale basalti inapokutana na itale, lile jiwe gumu la kijivu ambalo ni la kale zaidi. Kwa hiyo unapotembea, upande mmoja unaona ukuta mweusi wa nguzo na upande wa pili mawe meupe yaliyoviringwa na maji. Mwezi Julai mwaka 2020, shirika la UNESCO liliiweka sehemu hii katika orodha ya hifadhi zake za kijiolojia za dunia.

Jina la mto nalo lina kisa chake. Asili yake ni maporomoko makubwa ya maji. Lakini katika matamshi ya Kikorea, neno hilo linafanana kabisa na lile la kusikitika na kulia kwa uchungu. Watu wa huko hawajauacha ufanano huo upite hivihivi, na wanazo sababu.

Barafu inapolia

Matembezi yetu yalianzia kwenye maporomoko ya Jiktang. Yana kimo cha mita 3 tu lakini upana wake ni mita 80, na Wakorea hupenda kuyaita Niagara yao. Siku hiyo yalikuwa yameganda. Maji yalikuwa yamesimama yakiwa katikati ya kuanguka, yakining'inia kama mishumaa iliyoyeyuka, na nyuma yake ulisikika mto ukinong'ona mahali pembamba ambapo barafu haikufaulu kuufunga.

Tulilipa won 10,000 kila mmoja, na papo hapo tukarudishiwa hati za won 5,000 za kununulia vitu katika maduka na mikahawa ya wilaya hiyo. Nikaona ni busara. Mgeni anatazama mto bila shida, lakini mwenye duka naye anapata chake. Kisha tulifunga chini ya viatu vyetu vyuma vyenye meno ili tusiteleze.

Njia yenyewe, kutoka karibu na daraja la Taebong hadi bonde la Sundam, ni kama kilomita 8. Hufunguliwa kuanzia vuli, mvua zinapokwisha na mto kupungua, hadi mwanzoni mwa majira ya kuchipua. Baadhi ya sehemu hupita juu ya madaraja ya kuelea yaliyounganishwa kwa maboya, sehemu nyingine kandokando kwenye mawe. Mwezi Januari, barafu ikiwa nene ya kutosha, watu huruhusiwa kushuka na kuukanyaga mto wenyewe.

Hatua yangu ya kwanza ilikuwa ya mtu anayekanyaga mayai. Ya pili hali kadhalika. Nilipofika ya kumi hivi, chini ya miguu yangu palisikika mlio mzito, kama mtu anayevuta meza kubwa katika chumba cha chini. Mlio ukakimbia kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Nilisimama. Nakiri kwamba nilitaja jina la Mungu.

"Usiogope," binamu yangu alisema, naye akicheka mpaka moshi ukamtoka mdomoni. "Barafu ikipata jua hutanuka, ikipata kivuli husinyaa. Ndiyo hulia hivyo. Haina maana inavunjika."

"Na ile inayovunjika hulia vipi?"

"Hiyo usiombe kuisikia. Wewe fuata kamba."

Ushauri wake ulikuwa wa kweli. Barafu ya mto si kama barafu ya ziwa. Maji huendelea kupita chini yake, na pale yanapokwenda kasi huila barafu kutoka chini bila aliye juu kujua. Kwa sababu hiyo wasimamizi hupima unene wake na kuweka alama za njia, na asiyezifuata anacheza na maisha yake. Majira ya baridi yasipokuwa makali, barafu haishiki vyema, na watembezi hulazimika kubaki kwenye madaraja ya kuelea.

Baada ya nusu saa hofu iliniacha, na macho yakaanza kufanya kazi yake. Tulipita Songdaeso, mahali ambapo mto unajikunja na kuingia dimbwi lenye kina, lililozungukwa na magenge ya nguzo nyeusi, nyekundu na kijivu. Juu yake linaning'inia daraja la Eunhasu la urefu wa mita 180, lililofunguliwa mwaka 2020. Jina hilo ndilo Wakorea wanalouita ule ukanda wa nyota unaokatiza mbingu usiku. Walio juu yake walitupungia mikono, nasi tulio juu ya barafu tukawapungia. Watoto waliteleza kwa matako huku mama zao wakiwafokea. Baba mmoja alikuwa akimvuta mwanawe kwenye kibao kwa kamba, na nilishindwa kutambua ni nani kati yao aliyekuwa akifurahi zaidi.

Daraja la baba wawili

Kiasi cha nusu ya safari tulifika chini ya daraja la Seungil, na hapo ndipo siku yangu ilipobadilika.

Kwa mtazamo wa haraka ni daraja la kawaida la saruji, lenye urefu wa mita 120, lililoegemea matao makubwa. Lakini lichunguze vizuri. Vijitao vidogo vya upande mmoja ni vya duara, na vya upande wa pili vimekaa kama madirisha ya mraba. Ni kama kanzu iliyoshonwa na mafundi wawili wasiosemezana.

Na ndivyo ilivyokuwa. Korea iligawanywa mwaka 1945 kwenye mstari wa 38, na Cheorwon ikaangukia upande wa Kaskazini. Serikali ya huko ilianza kujenga daraja hilo mwaka 1948. Vita vikazuka Juni 1950, kazi ikasimama. Vita viliposimamishwa Julai 1953, mpaka ulikuwa umesogea na sehemu hii ya Cheorwon ikawa mikononi mwa Kusini. Serikali ya Kusini iliimalizia ile nusu iliyobaki mwaka 1958. Wapo wanaosema jina Seungil limeunganisha silabi za majina ya marais wa pande zote mbili, Syngman Rhee na Kim Il-sung. Wengine husema ni kumbukumbu ya afisa mmoja wa jeshi aliyepotea vitani. Siku hizi magari hupita kwenye daraja jipya lililo kando yake, na lile la zamani wameachiwa waendao kwa miguu.

Chini ya daraja hilo, juu ya jiwe, alikuwa ameketi mzee mmoja wa karibu miaka 80, amevaa kofia ya manyoya na kushika chupa ya chai. Alituita kwa mkono. Binamu yangu alimwinamia na kumwita babu kwa Kikorea, akapokea kikombe kwa mikono miwili kama adabu za huko zinavyotaka. Nami nikafanya vivyo hivyo. Ilikuwa chai ya shayiri, moto sana, na sijawahi kunywa kitu kitamu kama hicho.

Mzee aliuliza tumetoka wapi. Aliposikia Kenya, uso wake ulichangamka, akataja mbio za marathoni. Kisha akanitazama miguu, akasema jambo, na binamu yangu akaangua kicheko.

"Anasema kwa Mkenya, wewe watembea polepole mno."

Alitwambia pia kwamba sisi si Waafrika wa kwanza kuijua baridi ya mkoa huo. Majirani zetu Waethiopia walitangulia. Kuanzia mwaka 1951 Mfalme Haile Selassie alituma kikosi cha Kagnew kupigana chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Zaidi ya wanajeshi 3,500 wa Ethiopia walipitia Korea kwa zamu, na zaidi ya 120 hawakurudi kwao. Kumbukumbu yao imejengwa mjini Chuncheon, katika mkoa huohuo wa Gangwon. Nilijitazama nilivyojaa sweta tatu nikalalamika, nikawafikiria vijana wale waliolala ndani ya mahandaki.

Bakuli la wali

Ndipo mzee alipotusimulia habari zake, kidogo kidogo, binamu yangu akitafsiri.

Alizaliwa kando ya mto huu wakati eneo hilo lilipokuwa Kaskazini. Vita vilipoanza alikuwa na umri wa miaka minne. Kaka yake mkubwa alikuwa na miaka 17. Katika vuli ya mwaka 1950, majeshi ya Kaskazini yaliporudi nyuma, kaka huyo aliondoka pamoja nayo. Kama alikwenda kwa hiari au alichukuliwa, mzee hajui. Alikuwa mtoto, na nyumbani halikuwa jambo la kuzungumzwa.

Anachokumbuka ni bakuli. Nyumba za Kikorea hupashwa joto kupitia sakafuni, na ipo sehemu moja ya sakafu, karibu na meko, ambayo huwa na joto kuliko nyingine. Hapo ndipo mama wa Kikorea wa zamani alipomwekea chakula mtu wa nyumbani aliyechelewa. Mama yake mzee huyu alipakua wali kila jioni katika bakuli lenye kifuniko, akalifunika kwa blanketi, akaliweka pale. Asubuhi wali huo waliula wengine. Jioni akapakua tena. Alifanya hivyo hadi alipokufa.

Baadaye serikali za pande mbili zilikubaliana kuzikutanisha familia zilizotenganishwa. Mkutano wa kwanza ulifanywa mwaka 1985, na kuanzia mwaka 2000 ikaja mingine kadhaa. Upande wa Kusini peke yake zaidi ya watu 130,000 walijiandikisha, nao walioruhusiwa kila mara walikuwa wachache waliochaguliwa kwa kura ya kompyuta. Mzee alijiandikisha. Jina lake halikutoka. Mkutano wa mwisho ulifanywa Agosti 2018, na tangu hapo hakuna mwingine. Wengi wa wale waliojiandikisha wamekwisha kufariki. Barua haziendi, simu hazipigiki. Mkataba wa 1953 ulisimamisha vita tu, na ule wa amani haujatiwa sahihi hadi leo. Katikati limebaki eneo lisilo na majeshi, upana wake kama kilomita 4, lililojaa mabomu ya kutegwa ardhini.

Nilimwuliza, kupitia kwa binamu yangu, kwa nini anapenda kuketi hapo. Mzee hakujibu mara moja. Aliigonga barafu kwa fimbo yake, akasema maneno machache.

Binamu yangu alichelewa kidogo kutafsiri.

"Anasema, maji haya jana yalikuwa kule."

Ni kweli tupu. Mto Hantan una urefu wa takriban kilomita 140. Unaanzia Korea Kaskazini, unakatiza eneo hilo la mabomu, na kuingia Kusini bila kuulizwa kitambulisho. Uji wa moto ulipita njia hiyohiyo zamani za kale. Hata mji mkuu wa ufalme wa Taebong, uliotawala sehemu hizi mwanzoni mwa karne ya 10, magofu yake yamelala ndani ya eneo hilohilo, mstari wa mpaka umeyapasua katikati. Na wanaopita juu wanapita.

Tuliwaona kabla ya kuondoka. Ndege watano wakubwa weupe wenye shingo nyeusi na utosi mwekundu walikatiza juu ya daraja wakielekea mashambani. Mzee alivua kofia kuwatazama. Ni korongo wa utosi mwekundu, miongoni mwa ndege adimu duniani. Huzaliana Urusi na kaskazini mashariki mwa China, na kila majira ya baridi mamia yao huja Cheorwon kuokota punje za mpunga zilizobaki baada ya mavuno. Eneo la mpaka limewafaa kwa sababu wanadamu hawakanyagi humo. Nilifikiri jinsi Kiswahili chetu kilivyowapa ndege hao na bonde lile jina moja, korongo, nikaona siku hiyo jina hilo limestahili mara mbili.

Saa tisa huko, saa tatu kwetu

Tuliagana na mzee kwa kuinama. Mbele yetu ilibaki Goseokjeong, mwamba mrefu uliosimama peke yake mtoni, ambako inasimuliwa kwamba alijificha Im Kkeok-jeong, mnyang'anyi wa karne ya 16 anayekumbukwa kuwa aliwapora matajiri na kuwapa maskini. Alikamatwa na kuuawa mwaka 1562, lakini maskini hawajamsahau. Baada ya hapo ni bonde la Sundam, penye mawe meupe laini ya kila umbo, na huko ndiko safari yetu ilikoishia.

Kwa wasomaji ambao masomo au kazi zitawafikisha Seoul wakati wa baridi, huu ni mwendo wa siku moja tu. Ondokeni alfajiri, maana jua la Januari huzama mapema. Vaeni nguo nyingi nyepesi badala ya koti moja zito, mfunike masikio, mbebe maji ya moto na vile vipakiti vya joto vinavyouzwa madukani vya kutia mifukoni. Ulizeni hali ya barafu kabla ya kushuka mtoni. Na msiwe na haraka. Mtu anayejua kutembea huimaliza njia kwa saa tatu au nne, lakini njia hii haikutengenezwa kwa ajili ya kukimbia, hata kama wewe ni Mkenya.

Tulinunua viazi vitamu vilivyochomwa, tukaketi juani. Binamu yangu alikuwa kimya tangu tulipoachana na mzee. Alikimenya kiazi chake chote bila kukiuma. Ilikuwa saa tisa alasiri. Akahesabu kwa vidole, kwa kuwa Kenya iko nyuma kwa saa sita.

"Nyumbani ni saa tatu asubuhi," alisema. "Atakuwa ametoka kukamua."

Alivua glavu, akapiga. Simu iliita mara moja tu.

"Mama, ni mimi."

Niligeuka upande mwingine kumpa nafasi yake, lakini shangazi yangu ana sauti ya kuitia ng'ombe mlima wa pili, na nilimsikia vizuri. Hakuuliza habari za Krismasi. Hakuuliza mbona simu ya asubuhi haikujibiwa. Aliuliza neno moja tu.

"Umekula?"

Msichana huyo, aliyenicheka mtoni nilipoogopa mlio wa barafu, alishindwa kujibu. Alitikisa kichwa kukubali, kana kwamba mama yake angeweza kumwona, machozi yakimtiririka na kupoa mashavuni.

Tulirudi Seoul na basi la jioni. Njiani alilala, simu ingali mkononi. Mimi nilikaa nikiwaza kwamba kuna watu duniani wangetoa kila walicho nacho wapate kupiga simu moja ya namna ile, ya dakika mbili, ya kuulizwa kama wamekula. Mpenzi msomaji, leo ni Jumapili. Kama yupo mtu wa damu yako mliyenuniana, na kati yenu hakuna bomu lolote lililotegwa isipokuwa maneno ya mwezi uliopita, gazeti hili litakungoja. Liweke kando kwanza, umpigie.